Madirisha ya shule ya zamani: tuyatengeneze au tuyaondoe?



Tangu muhula wa pili uanze, swali moja linarudi katika mikutano ya vikundi vyetu. Katika shule moja ya zamani ya mji, iliyojengwa mbele ya uhuru, komite imeomba kila mzazi atoe mchango wa madirisha. Mpango wenyewe ni huu: shasi zote za chuma ziondolewe, wawekwe aluminiomu ya kusukuma, na sehemu ya chini ya kila dirisha ifungwe kwa matofali kwa sababu ya wezi. Wamama wengine wamekwisha kulipa. Wengine wanauliza kama kweli pesa hiyo itawafaa watoto. Na mama mmoja wa kikundi cha likelemba alituuliza jambo ambalo wengi hawakulifikiria: jengo la zamani namna ile, lenye kulindwa, linaweza kubadilishwa bila ruhusa ya mtu?

Tuliomba tuone devi ya kazi. Tulizungumza na fundi wa kusudera, na fundi wa vioo, na walimu wawili wanaofundisha ndani ya vyumba hivyo. Leo tunawaandikia yale tuliyoyapata, ili mama akiingia katika kikao cha wazazi aweze kusema neno lenye maana.

Dirisha linafanya kazi gani darasani

Tangu 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi tena. Ni jambo zuri, lakini madarasa yamejaa. Chumba kilichojengwa kwa watoto 30 au 40 leo kinabeba wengi kuliko hapo. Watoto wakiwa wengi, hewa inachoka upesi: wanasinzia, kichwa kinawauma, na kikohozi cha mmoja kinakuwa cha wote. Ugonjwa wa kifua kikuu unapita hewani, na chumba kisichopitisha hewa ndicho unachokipenda.

Waliojenga shule zile za zamani hawakuwa na umeme wa kutosha wala mashine ya kupooza hewa. Walitegemea madirisha. Ndiyo sababu mtaona madirisha makubwa upande mmoja, na madogo ya juu upande wa pili, karibu na dari. Hewa baridi inaingia chini, ile ya moto inapanda na kutokea juu. Madirisha madogo yale ya juu yamefungwa kwa misumari katika shule nyingi, au yamepakwa rangi mpaka hayafunguki tena. Hapo ndipo darasa linapoanza kunuka saa nne ya asubuhi, na watu wanasema jengo limezeeka. Jengo halina kosa. Dirisha limefungwa tu.

Nuru nayo ni vilevile. Umeme ukikatika, mtoto anayeketi nyuma anasoma ubao kwa nuru ya dirisha. Ukifunga sehemu ya chini kwa matofali, umemwondolea nuru yule anayekaa karibu na ukuta, na hewa ya chini imepotea pia.

Tulipopiga hesabu ya aluminiomu ya kusukuma, tuliona jambo lingine ambalo devi haikusema. Dirisha la kusukuma lina vipande viwili, na kimoja kinateleza nyuma ya kingine. Hata ukilifungua lote, nusu tu ndiyo iko wazi. Shasi ya zamani ya mabawa mawili inafunguka karibu yote. Kwa hiyo darasa lenye watoto wengi kuliko zamani litapata nusu ya hewa ya zamani, na wazazi watakuwa wamelipia upungufu huo.

Kwa nini chuma kinaharibika

Fundi wa kusudera alitueleza ugonjwa wa shasi hizi kwa maneno mepesi. Chuma chenyewe ni kizuri na kinene, na kinaweza kuishi miaka mingi sana. Adui wake ni maji yanayokaa. Mvua inapiga kioo, inateremka, inafika kwenye kona za chini. Mastiki ikiwa imekauka na kupasuka, maji yanaingia kati ya kioo na chuma. Hapo kutu inaanza.

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara kadhaa. Inavimba, inasukuma kioo, na siku moja kioo kinapasuka peke yake, usiku, bila mpira wala jiwe. Mara ngapi tumewapiga watoto kwa kioo ambacho kutu ndiyo iliyokivunja? Ukiweka kioo kipya bila kutoa kutu ile, nacho kitapasuka kwa mwaka mmoja au miwili.

Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya dirisha, usitazame katikati. Tazama kona za chini na upau wa chini. Chukua bisibisi, gusa kwa nguvu kidogo. Kama chuma bado ni kigumu, kutu iko juu ya ngozi tu, dirisha linapona. Kama bisibisi inazama au chuma kinaanguka kwa maganda, kipande kile kitakatwa na kipande kipya kitasuderwa mahali pake. Fundi wetu alisema kwamba mara nyingi ni upau wa chini peke yake uliooza, na sehemu nyingine zote ni nzima. Kutupa dirisha zima kwa ajili ya upau mmoja ni kama kutupa sufuria kwa sababu mkono wake umelegea.

Hatua za kutengeneza

Kazi hii inafanywa vakansi kubwa, mwezi wa saba na wa nane, kwa sababu mbili: watoto hawapo, na ni kiangazi, chuma ni kikavu. Rangi juu ya chuma chenye unyevu haishiki.

Kwanza, kila dirisha linapewa namba, na namba ileile inaandikwa katika daftari pamoja na ugonjwa wake: vioo vingapi vimevunjika, bawaba zipi zimekwama, kishikio gani kimepotea. Daftari hili ni la wazazi. Ndilo litakalozuia fundi kulipwa kwa madirisha 60 huku ametengeneza 40.

Pili, vioo vilivyovunjika vinatolewa na mastiki ya zamani inakwanguliwa. Tatu, kutu inasuguliwa kwa burashi ya waya mpaka chuma king'ae, na siku ileile inapakwa rangi ya kuzuia kutu. Msikubali fundi aache chuma uchi usiku kucha, maana umande unatosha kurudisha kutu. Nne, bawaba zinatiwa mafuta na kujaribiwa. Tano, kioo kinakatwa kidogo kuliko nafasi yake, milimita mbili au tatu kila upande, ili chuma kikipanuka kwa jua kisikibane. Kinalazwa juu ya mastiki, kinashikwa kwa vipini vidogo, kisha mastiki ya nje inawekwa kwa mteremko ili maji yaanguke nje.

Hapa kuna siri ya mafundi. Mastiki ya mafuta ya kitani, ile ya madirisha ya mbao, inakauka vizuri kwa sababu mbao inanyonya mafuta. Chuma hakinyonyi. Kwa shasi ya chuma lazima mastiki ya chuma. Muulizeni fundi ataweka ipi, na mwangalie kama anajua kujibu.

Mwisho, mastiki inaachwa ishike kwa siku kadhaa, ndipo rangi inapakwa. Rangi ivuke mpaka kwenye kioo kwa milimita mbili hivi. Mstari ule mdogo ndio unaofunga njia ya maji.

Hatari moja kubwa: rangi ya zamani

Wamama, jambo hili msilipitie haraka. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi ndani yake, na hata rangi nyekundu ya kuzuia kutu ya miaka ile ilikuwa ya risasi. Risasi ikiingia katika mwili wa mtoto inaharibu akili na makuzi yake, na dawa ya kurudisha kilichoharibika haipo. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa hiyo rangi ya jengo la zamani haichomwi kwa moto, kwa maana moshi wake una sumu. Haisuguliwi ikiwa kavu, kwa maana vumbi linaruka. Inalowanishwa kwa maji kwanza, ndipo inakwanguliwa. Chini inatandikwa karatasi ya plastiki, maganda yote yanakusanywa na kufungwa, wala hayafagiliwi kwenye bustani ambapo watoto wanacheza. Fundi afunike pua kwa maski nzuri, anawe mikono mbele ya kula, na asirudi nyumbani na nguo za kazi kukumbatia watoto wake. Mama mwenye mimba asijitolee kufagia chumba hicho, hata kama ana moyo wa kusaidia.

Wengine walifanya nini

Si sisi peke yetu tuliofika kwenye swali hili. Katika mji wa Dessau, Ujerumani, kuna jengo la shule ya ufundi na sanaa inayoitwa Bauhaus. Lilifunguliwa 1926, na upande wa karakana ulikuwa na ukuta mzima wa vioo katika shasi za chuma. Kwa nuru ile wanawake walifuma nguo na mazulia katika karakana ya kufuma, na mwalimu wao, Gunta Stölzl, ndiye mwanamke wa kwanza aliyepewa cheo cha kuongoza karakana pale. Mwaka 1945 mabomu ya vita yalivunja ukuta ule. Watu walikuwa maskini, wakaujaza matofali na madirisha madogo. Tunawaelewa: walikuwa na jengo wazi na hakuna pesa. Lakini matofali yale hayakukaa. Mwaka 1976 ukuta wa vioo ulijengwa tena, safari hii kwa aluminiomu mahali pa chuma, na 1996 jengo likaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tunajifunza mambo mawili: kujaza matofali ni kazi ambayo mtu mwingine atalipa kubomoa, na aluminiomu si dhambi, kama umbo na kipimo cha dirisha vinaheshimiwa.

Katika Uingereza, mjini Hunstanton, kuna shule iliyofunguliwa 1954. Waliochora ramani yake ni mke na mume, Alison na Peter Smithson. Mama huyo alikuwa na miaka ishirini na kidogo tu walipoanza kuichora. Vioo vikubwa viliwekwa moja kwa moja ndani ya chuma cha jengo. Jua likipiga, chuma kilipanuka, na vioo vikapasuka. Wakati wa joto wanafunzi waliungua, wakati wa baridi walitetemeka. Baadaye sehemu ya vioo ilibadilishwa kwa vibao vyeusi. Shule ile inalindwa na sheria kwa daraja la juu, na hata hivyo iliruhusiwa kubadilika. Kulinda jengo hakumaanishi kuwatesa wanaolitumia. Kunamaanisha kila badiliko lifikiriwe na kuulizwa kwanza.

Na Amsterdam, Uholanzi, kuna shule ya hewa wazi ya mwaka 1930, kazi ya Jan Duiker. Wakati ule watu waliogopa kifua kikuu, na tangu 1904, karibu na Berlin, shule za hewa wazi zilikuwa zimeanza kwa ajili ya watoto dhaifu. Duiker aliondoa nguzo kwenye kona, akaweka madirisha ya chuma yanayozunguka, ili darasa lote lifunguke. Jengo linalindwa, na bado watoto wanasoma ndani yake. Madirisha yake yanatunzwa kwa sababu bila hayo shule ile si kitu tena.

Sheria ya nchi yetu

Nchi yetu nayo ina sheria. Ile ya 15 mwezi wa tatu 1971, namba 71-016, inahusu ulinzi wa mali ya utamaduni, na majengo yanaweza kuingia humo. Jengo likiisha kuwekwa rasmi chini ya ulinzi, watu wa biro wanasema limeklasewa. Hapo mwenye nalo hawezi kulibomoa wala kuligeuza kama apendavyo. Lazima aombe ruhusa ya serikali kupitia kwa wale wanaosimamia utamaduni. Mchango wa wazazi hauwezi kuchukua nafasi ya ruhusa hiyo, wala saini ya direkta peke yake.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao si bei. Ni hili: jengo letu limeklasewa au hapana? Kama limeklasewa, barua ya ruhusa iko wapi? Kutengeneza dirisha lirudi kama lilivyokuwa ni kazi nyepesi kuombewa ruhusa. Kubadilisha umbo, kujaza matofali au kuweka shasi ya namna nyingine ni jambo zito zaidi. Na kazi ikianza bila ruhusa, inaweza kusimamishwa katikati, pesa ya wazazi imekwisha kutoka na madirisha yako chini.

Wanaopinga wana neno pia

Tusifiche kwamba sisi wenyewe hatukukubaliana mara moja. Mama mmoja alisema: “Majengo haya yalijengwa na wakoloni, na wazee wetu hawakukubaliwa kusoma ndani ya mengi ya hayo. Kwa nini leo nilipe ili kioo chao kibaki?” Neno hilo lina uzito, na hatukumjibu haraka.

Tulilozungumza ni hili. Waliochanganya saruji, waliobeba matofali na chuma, walikuwa baba na babu zetu, na wengi hawakulipwa inavyostahili. Kazi ya mikono yao iko katika kuta zile. Watoto wetu sasa ndio wanaokaa ndani. Tukitunza dirisha, hatumtunzii mkoloni kitu. Tunatunza kitu ambacho wazee wetu walikilipia kwa jasho, na ambacho bado kinawapa wajukuu wao hewa. Mama yule alisema atakubali kwa sharti moja: kwamba katika kazi hiyo watoto watangulie, jengo lifuate. Tulilikubali sharti lake, na tunaona ni kipimo kizuri kwa kila shule.

Kwa kipimo hicho, mabadiliko mengine ni ya lazima. Kama kioo cha chini kinafikiwa na watoto, kiwekwe kioo kisichokata, kile cha tabaka mbili zilizogandishwa, ambacho kikivunjika vipande vinabaki vimeshikana. Kama wezi wanasumbua, antivoli iwekwe kwa ndani, kwa vipande vyembamba vinavyofuata mistari ya dirisha, ifungwe kwa skrubu bila kusuderwa juu ya shasi ya zamani, ili siku moja iweze kutolewa bila kidonda. Na kila chumba kiwe na angalau antivoli moja inayofunguka kwa ndani bila ufunguo. Moto ukitokea mlangoni, darasa lote litatokea wapi? Wavu wa mbu unaweza kukaa kwenye kadre nyepesi ya mbao inayotolewa na kuoshwa.

Maswali ya kubeba kwenye kikao

Kateni sehemu hii, mwiweke katika daftari ya kikundi.

Jengo limeklasewa? Kama ndiyo, barua ya ruhusa iko wapi?

Nani amehesabu madirisha moja kwa moja, na daftari yake iko wapi?

Tuna devi mbili, moja ya kutengeneza na moja ya kubadilisha, kutoka kwa mafundi tofauti?

Madirisha mapya yatafunguka kiasi gani? Yale madogo ya juu yatabaki na kufunguka?

Rangi ya zamani itatolewa namna gani, na watoto watakuwa wapi siku hizo?

Nani atashika pesa, na wamama wangapi wako katika kamati ya kuangalia kazi?

Kila mwaka nani atapitisha mafuta kwenye bawaba na kuangalia mastiki mbele ya mvua za kwanza?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Dirisha lililotengenezwa vizuri likiachwa miaka 10 bila kuguswa litarudi palepale. Katika shule moja, kikundi cha wamama kimechukua kazi hiyo: mwishoni mwa kila kiangazi wanapita na kopo la mafuta, burashi na kisu cha mastiki, wakiwa na fundi mmoja. Asubuhi moja inatosha kwa bloku moja.

Kuhusu shule tuliyoanza nayo, wazazi wameomba kikao kipya mbele ya vakansi, na komite imekubali kusubiri devi ya pili. Wamama waliokwisha kulipa wamepewa risiti na jina lao liko kwenye daftari. Kikundi chochote ambacho shule yake iko katika hali hiyohiyo kitume mtu mmoja kwenye mkutano wetu wa wiki ijayo, na aje na hesabu ya madirisha yake.